Namna ya Kupima Iwapo Chama cha Utaifa Kinatetea Wanawake: Mfano wa Italia

Anayetaka kujua iwapo ufeministi unaweza kukaa pamoja na siasa za utaifa za mrengo wa kulia asianze na jinsia ya kiongozi. Giorgia Meloni wa Fratelli d'Italia, chama cha utaifa cha mrengo wa kulia, alishika uongozi wa serikali mwezi Oktoba 2022, akiwa mwanamke wa kwanza nchini Italia kufika hapo, lakini jambo hilo linathibitisha tu kwamba mwanamke anaweza kuongoza chama cha aina hiyo. Wala si ajabu mpya: Mary Richardson, aliyeichanachana picha ya mchoraji Velázquez mjini London mwaka 1914 katika harakati za kudai kura kwa wanawake, alikuja kujiunga na mafashisti wa Uingereza walioongozwa na Oswald Mosley katika miaka ya 1930.

Anza na sheria ambazo chama kimepitisha, kisha uziulize kila moja: mwanamke anayelindwa hapa ni yupi, na analindwa kama nani? Mwaka 2019, katika mkutano wa hadhara mjini Roma, Meloni alijitambulisha kuwa ni mwanamke, ni mama, ni Mwitaliano na ni Mkristo. Unapozisoma sheria zake, tazama ni ipi kati ya sifa hizo inayoleta manufaa.

Chukua bajeti ya mwaka 2024. Serikali iliwasamehe akina mama walioajiriwa kwa mikataba ya kudumu, wenye watoto watatu au zaidi, sehemu yao ya michango ya hifadhi ya jamii, na kwa mwaka huo ikawaongeza wenye watoto wawili. Wafanyakazi wa nyumbani, ambao wengi wao nchini humo ni wanawake wahamiaji, wakaachwa nje hata kama wana watoto watano. Katika bajeti hiyohiyo, kodi ya ongezeko la thamani kwa taulo za kike na nepi, iliyokuwa imeshushwa hadi asilimia 5 mwaka uliotangulia, ilipandishwa hadi asilimia 10. Kwa maoni yangu, kipengele kile cha wafanyakazi wa nyumbani kinaeleza zaidi kuliko hotuba zote, kwa sababu kinaonyesha kwamba anayetunzwa ni mzazi wa raia wajao, na mwanamke anayefua na kupika katika nyumba ya mzazi huyo hahesabiwi.

Hatua inayofuata ni kutafuta mahali ambapo matakwa ya mwanamke na matakwa ya taifa yanagongana, na uzazi ndio mahali penyewe. Sheria namba 194 ya mwaka 1978 inaruhusu utoaji mimba katika siku 90 za kwanza. Meloni aliahidi kutoifuta na hajaifuta. Hata hivyo, mwezi Aprili 2024 bunge lilipitisha kifungu kinachoruhusu vikundi vya kuhimiza uzazi kuingia katika kliniki za ushauri ambako mwanamke huenda kutafuta cheti cha kutoa mimba. Haki imebaki kwenye karatasi, ila njia ya kuifikia imewekewa watu wa kumbembeleza asiitumie.

Usiyafumbie macho yanayokwenda kinyume na dhana yako. Mwezi Novemba 2025 bunge la Italia lilifanya mauaji ya mwanamke kwa sababu ya uanamke wake kuwa kosa linalojitegemea, adhabu yake ikiwa kifungo cha maisha, na upinzani ukaunga mkono muswada huo wa serikali. Kuadhibu muuaji hakugongani na utaifa, ndiyo maana pande zote mbili zilikutana hapo. Mfeministi anaweza kuupigia kura muswada wa namna hiyo, na wiki hiyohiyo akaendelea kudai kwamba mfanyakazi wa nyumbani naye asamehewe michango.