Unashona kwilti (blanketi za viraka) halafu watu wanakuletea suruali za kupunguza? Fanya hivi

Ukishajulikana una cherehani basi, kila mtu anakuja na zipu iliyokufa, hawajui kwamba kuunga viraka vya kwilti na kurekebisha nguo ni kazi mbili tofauti kabisa. Kama hutaki sema mapema, "mi nashona kwilti tu, hiyo mpelekee fundi nguo", usijieleze sana maana ukianza kutoa sababu wanaanza kubembeleza.

Ukikubali, anza na kupunguza urefu wa suruali. Ya kotoni ambayo bado mpya ifuliwe kwanza, inaweza kurudi ikawa fupi wakakulaumu wewe. Mwenyewe avae na viatu atakavyotembea navyo, asimame wima, ndo uweke pini, na pima miguu yote miwili maana mara nyingi hailingani. Jinzi inataka sindano namba 100, na pale mishono inapopandana kitambaa kinakuwa kinene sana, kigonge kidogo na nyundo kilale, halafu zungusha gurudumu kwa mkono taratibu usikanyage, la sivyo sindano inakatika. Tisheti ni sindano ya ncha ya mviringo na zigizagi nyembamba, usivute kitambaa, acha kijiendee.

Kwenye kwilti umezoea kuacha robo inchi ya kitambaa nje ya mshono, kwenye nguo acha kama sentimita 1.5 ili siku moja iweze kuongezwa.

Jaketi lenye bitana mi nakataa, kufumua tu kunakula muda kuliko kushona. Na bei itajwe kabla hujashika mkasi, kufumua nako kuhesabiwe, hata kwa shangazi.