Jinsi ya Kuandaa Karatasi ya Kanuni kwa Mtihani wa Hisabati

Kabla ya kuamua kama wanafunzi wapewe karatasi ya kanuni, mwalimu ajiulize kwanza mtihani wake unapima nini. Ikiwa unapima matumizi ya kanuni, kwa mfano kutafuta ujazo wa tufe, basi 4/3πr³ iandikwe waziwazi, kwa maana anayeisahau hana njia nyepesi ya kuijenga upya akiwa ndani ya chumba cha mtihani. Eneo la mstatili lisiandikwe kamwe; hilo ni jambo la kueleweka, si la kunakiliwa.

Karatasi iwe ya ukurasa mmoja, na kila herufi ifafanuliwe: r ni nusu kipenyo, h ni kimo. Kisha, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, wanafunzi waizoee wiki kadhaa kabla ya mtihani, kwa sababu kanuni iliyo mbele ya macho haimsaidii asiyejua kuitumia. Chukua mlinganyo 2x² − 3x − 5 = 0, unaotatuliwa kwa kanuni x = (−b ± √(b² − 4ac)) / (2a), ambapo a ni 2 na c ni −5. Mwanafunzi huona −b katika kanuni akaandika −3, ilhali b yenyewe ni −3 na kwa hiyo −b ni 3. Halafu huandika b² kuwa −9. Akitumia mabano, yaani (−3)², hupata b² − 4ac kuwa 9 + 40 = 49, ambayo kipeuo chake cha pili ni 7, na majibu yakawa 2.5 na −1. Zoezi hili lirudiwe hadi mabano yawe mazoea.

Siku ya mtihani, wote wapewe nakala zinazofanana zilizochapwa, zisizo na mifano iliyokokotolewa.