Kupanga Kundi la Utafiti la Kriptografia na Mitandao ya Kwantumu

Andikeni swali kabla ya kununua kifaa chochote. Kugawana ufunguo wa siri kwa fotoni (chembe za mwanga), yaani QKD, na kuunganisha kompyuta za kwantumu zilizo mbalimbali ni kazi mbili tofauti. Kundi jipya likizibeba zote, fedha zitaishia kwenye ya kwanza. Swali zuri lina namba ndani yake: je, tunaweza kupata biti 1,000 za ufunguo kwa sekunde kwenye faiba ya kilomita 40, kosa (biti zisizolingana kati ya pande mbili) likibaki chini ya asilimia 5? Swali kama hilo ndilo litakalowaambia ni vigunduzi gani vya fotoni mnahitaji, na nani mmwalike.

Watu sita wanatosha: wa optiki, wa elektroniki na saa, mwanahisabati wa uthibitisho wa usalama, mhandisi wa mitandao, mwandishi wa programu, na mshambuliaji. Huyu wa mwisho kazi yake ni kuuvunja mfumo, na asiwe chini ya aliyeujenga. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba vigunduzi vya mifumo iliyokuwa ikiuzwa vingeweza kupofushwa kwa mwanga mkali na kuendeshwa na mdukuzi, ilhali hesabu za usalama kwenye karatasi zilikuwa sahihi.

Faiba ndiyo itakayowasumbua kuliko yote. Kwenye nanometa 1550 mwanga hupotea kama desibeli 0.2 kwa kilomita. Kilomita 50 huacha fotoni moja kati ya kumi. Kilomita 100, moja kati ya mia. Hiyo ni faiba safi. Njia halisi ina viungio na plagi chafu, kwa hiyo kilomita 40 zinazopaswa kupoteza desibeli 8 zisiwashangaze zikipoteza 12. Pimeni wenyewe kwa OTDR (kifaa kinachopima upotevu wa mwanga ndani ya faiba), msitegemee ramani ya mwenye faiba. Mwulizeni pia kama njiani kuna vikuza mwanga au swichi. Hali ya fotoni moja haiwezi kunakiliwa, hivyo kikuzaji hakitawasaidia. Kitaongeza kelele tu.

Mkitaka kupitisha data ya kawaida kwenye faiba hiyohiyo, kumbukeni kwamba miliwati moja ya leza kwenye nanometa 1550 ni karibu fotoni 8,000,000,000,000,000 kwa sekunde. Sehemu ndogo tu ya mwanga huo ikitawanyika (mtawanyiko wa Raman), itaizamisha ishara yenu. Njia ya kawaida ni kuihamishia ishara ya kwantumu kwenye nanometa 1310 na kuiacha data kwenye 1550. Gharama yake ni kwamba 1310 hupoteza kama desibeli 0.35 kwa kilomita, hivyo zile 8 za kilomita 40 zinakuwa 14.

Kwa itifaki, anzeni na BB84 (itifaki ya kwanza ya QKD) yenye mipigo ya hadaa. Leza iliyofifishwa mara nyingine hutoa fotoni mbili kwa mpigo, na mdukuzi anaweza kubaki na moja bila kuleta kosa lolote. Kubadilishabadilisha nguvu ya mipigo, mathalani wastani wa fotoni 0.5, 0.1 na sifuri, humfichua. Kwa umbali huu vigunduzi vya InGaAs (nusukondakta ya indiamu, galiamu na aseniki) vinatosha. Vile vya superkondakta huhitaji baridi ya kelvini 3 hivi au chini, na mtambo wake utakula bajeti. Ila mkiweka muda wa kupumzika wa mikrosekunde 10 ili kuzuia milio ya uongo, kila kigunduzi hakitavuka hesabu 100,000 kwa sekunde.

Kosa likipita asilimia 11, kwa uchakataji wa kawaida BB84 haitoi ufunguo. Likipanda polepole mchana, shukuni joto linalogeuza mwelekeo wa mtetemo wa mwanga ndani ya faiba. Likiruka hadi asilimia 50, kagueni saa kwanza: pande mbili zimepotezana. Na msitangaze kasi ya ufunguo kwa bloku ya biti elfu kumi. Subirini angalau milioni moja, la sivyo makadirio ya kosa hayana uzito.

Wiki ya kwanza kubalianeni muundo wa data: kila tukio liwe na muda kwa pikosekunde, namba ya kigunduzi, namba ya bloku na mpangilio uliotumika. Programu zitakazotumia ufunguo ziupokee kupitia kiolesura cha ETSI GS QKD 014 (kiwango cha Ulaya cha kukabidhi funguo kwa programu), ili watu wa mitandao waanze kazi kwa funguo za majaribio kabla leza haijawashwa. Mawasiliano ya wazi kati ya pande mbili lazima yathibitishwe kwa ufunguo mfupi uliogawanywa mapema. Makundi mengi huliahirisha jambo hili, na bila hilo mdukuzi hujiweka katikati akazungumza na pande zote mbili.

Jaribuni kwanza mezani, kwa roli ya faiba ya kilomita 25, ndipo mtoke nje. Kabla ya hapo andikeni nani anamiliki data ghafi, majina ya waandishi yatapangwaje, na mtengenezaji atapewa muda gani wa kurekebisha kifaa chake mshambuliaji wenu akikuta udhaifu.