Tongo wa Uwandani na Tongo wa Kichakani: Mjue Kabla ya Kuamia

Mpunga wa masika ukianza kutia maziwa kwenye punje, mkulima wa Mwakirunge au Mtongwe, huku Mombasa, huwinga kila kinachoruka. Nguvu nyingi hupotea hapo. Tongo, ndege wala mbegu, waonekanao sana kwetu ni wa aina mbili, na hawali sawa.

Wote ni wadogo, sentimita 9 au 10 hivi. Tongo wa kawaida, Spermestes cucullata, ana kichwa cheusi na mgongo wa kahawia iliyofifia. Mtazame mdomo: juu mweusi, chini wa kijivu. Jua likimpiga, begani hung'aa doa la kijani. Mwenzake, Spermestes nigriceps, mgongo wake ni mwekundu wa kutu, ukingo wa bawa una vidoa vyeupe, na mdomo wote ni kijivu. Makinda ya wote wawili ni ya kahawia tupu, hivyo angalia wakubwa walioandamana nayo.

Huyu wa pili hupenda kingo za vichaka na miti, penye unyevu. Wa kwanza ndiye wa uwandani. Huja kwa kundi, hudandia bua likainama, kisha huminya punje moja moja. Suke hubaki limesimama na makapi matupu, na ukilipita haraka utadhani ni zima. Huyo ndiye wa kuchungwa zaidi.

Chakula chao cha kila siku ni mbegu za nyasi. Ndiyo maana palizi ni kinga kubwa kuliko kelele: nyasi zikizaa ndani ya jaruba, tongo huzoea kutua hapo kabla mpunga haujachanua. Nyasi za mbali na shamba ziache, wapate riziki huko.

Panga na majirani mpande pamoja, maana shamba lililotangulia peke yake hubeba ndege wa mtaa mzima. Jenga dungu, yaani jukwaa la kulindia shamba, mapema, na uamie (ulinde mpunga na ndege) asubuhi na alasiri kwa wiki mbili hivi, tangu maziwa hadi punje ikaze. Ikikomaa, vuna bila kungoja.

Sumu usitumie kamwe. Itaua hua, kuku wako, na tongo wa kichakani asiyekukosea. Tongo haohao hula pia kumbikumbi.

Mahindi usiyaamie kwa ajili yao. Punje yake ni kubwa kwa mdomo ule. Ila ukiona kundi zito la ndege wenye midomo minene myekundu, hao ni kwelea: mpigie bwana shamba siku hiyohiyo.