Mbwa wengi wa mtaani wana wenyewe

Mtu akishang'atwa na mbwa kijijini, kikao huitishwa upesi na hoja ya kwanza huwa ileile: mbwa koko wauawe. Hutafutwa sumu, au mtu mwenye bunduki. Baada ya miezi michache mbwa wamejaa tena njiani, safari hii wengi wakiwa wachanga ambao hawajawahi kuchomwa sindano ya chanjo. Fedha imekwenda, tumbusi na kuku wamekufa kwa kula mizoga yenye sumu, na kichaa cha mbwa kiko palepale.

Tafiti zilizofanywa vijijini Tanzania zimeonyesha kwamba sehemu kubwa sana ya mbwa wanaozurura wana mwenyewe. Mchana huonekana jalalani au nyuma ya bucha, jioni hurudi kwenye kaya fulani, wakala makombo ya ugali na kulinda mbuzi. Wingi wao na afya yao huamuliwa nyumbani, na mwamuzi ni mfugaji. Ushauri huu naiandikia hasa kaya yenye mbwa wawili watatu na paka wa kukamata panya, ingawa mwenye mbwa wa geti mjini naye unamhusu.

Chanjo

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka. Kwa Tanzania, makadirio yaliyotumika kwa muda mrefu ni vifo kama 1,500 kwa mwaka, na watoto ndio huumia zaidi. Asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Dalili zikishaanza hakuna tiba ya kutegemewa. Hata hivyo ugonjwa huu unazuilika: mbwa 7 kati ya kila 10 wa eneo wakichanjwa, virusi hukosa pa kupita na maambukizi hukatika.

Tatizo ni kwamba kiwango hicho hakikai. Mbwa wengi wa kijijini hufa wakiwa bado vijana, na nafasi zao huchukuliwa na watoto wasio na kinga. Kijiji kilichochanja vizuri mwezi Septemba kinaweza kuwa kimeshuka chini ya kiwango kabla Septemba nyingine haijafika. Ndiyo maana siwezi kuzungumzia chanjo nikaacha uzazi. Jike anayezaa bila mpango kila mwaka anadhoofisha kinga ya mtaa mzima, hata kama yeye mwenyewe amechanjwa. Na anayemwekea sumu mbwa aliyechanjwa ameondoa kinga iliyokwisha kulipiwa.

Pemba inatupa ushahidi mzuri. Kwa kuchanja mbwa, kisiwa kiliutokomeza ugonjwa mwaka 2014. Mwaka 2016 uliingia tena kutoka nje, chanjo ikarudiwa kwa nguvu, na kufikia 2018 ulikuwa umetokomezwa kwa mara ya pili. Kilichofanya kazi mara zote mbili ni sindano kwa mbwa wenye wenyewe, nyumba kwa nyumba na mtaa kwa mtaa.

Chanjo ya kichaa hutolewa mnyama akifikisha miezi 3, ikarudiwa baada ya mwaka mmoja, kisha kwa ratiba atakayokupa daktari wa mifugo. Kwa mazingira yetu kila mwaka ndiyo salama. Kwenye kampeni mlete hata mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi 3, asirudishwe nyumbani, maana anaweza kuambukizwa na kuambukiza kama mkubwa. Paka naye huchanjwa, na huyu husahaulika mno. Kampeni nyingi hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi huwa bure. Mbwa aje na kamba imara akishikwa na mtu mzima anayemzoea, kwa kuwa mtoto wa miaka minane hawezi kumzuia mbwa mwenye hofu katikati ya mbwa wengine hamsini. Paka aje ndani ya kapu lenye kifuniko au kiroba kinachopitisha hewa. Kadi ya chanjo itunzwe pamoja na vyeti vya watoto. Siku mbwa wako akimng'ata mtu, itaulizwa.

Kwa mwenye uwezo, zipo chanjo za pavo na distempa, magonjwa mawili ya virusi ya mbwa, ambazo huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila wiki 3 hadi 4 mpaka mtoto afikishe wiki 16. Pavo huua kwa kuhara damu na kutapika ndani ya siku chache. Distempa tunaijua kwa hasara nyingine pia: mwaka 1994 iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, takriban 1,000, na mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi walihusishwa na mlipuko ule. Chanjo mseto nyingi hukinga pia leptospirosi, ambayo Watanzania waliizoea kwa jina la homa ya mgunda ilipozuka Lindi mwaka 2022.

Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo na amalize dozi zote. Usipake mafuta ya taa, pilipili wala majivu. Mbwa asiuawe kwa hasira kama anaweza kufungiwa salama. Aangaliwe na mtaalamu kwa siku 10, lakini mtu asingoje siku hizo ziishe ndipo atafute matibabu. Jambo moja wafugaji wa ng'ombe walishike: ng'ombe au mbuzi anayetokwa na ute mwingi na kushindwa kumeza asiingizwe mkono mdomoni kutafuta gunzi lililokwama. Huenda ni kichaa. Mwite afisa mifugo wa kata, na nyama wala maziwa yake yasitumike.

Minyoo, na kile anachotupiwa mbwa

Watoto wa mbwa huzaliwa na minyoo tayari, maana mama huwapitishia wakiwa tumboni na baadaye kwa maziwa. Wapewe dawa wakiwa na wiki 2, irudiwe kila wiki 2 hadi waachishwe, na mama anywe pamoja nao. Baada ya hapo kila mwezi hadi miezi 6, na mkubwa kila miezi 3. Kinyesi kiokotwe na kufukiwa. Mayai ya minyoo hiyo hukaa kwenye udongo muda mrefu, na mtoto anayechezea mchanga akayameza anaweza kuharibika jicho.

Kwa mfugaji wa kondoo na mbuzi hasara kubwa zaidi iko kwenye tegu. Kondoo anayezunguka upande mmoja, kichwa kimelala, anajigonga kwenye boma na kuachwa nyuma na kundi, wengi humwita mgonjwa wa kizunguzungu. Wamaasai husema ormilo. Mara nyingi chanzo ni kifuko cha maji ndani ya ubongo, ambacho ni hatua ya tegu wa mbwa. Mbwa hupata tegu hilo kwa kula ubongo wa mnyama mgonjwa, kisha hunya mayai malishoni, na kondoo mwingine huyala pamoja na majani. Kondoo anachinjwa kwa sababu anaumwa, kichwa kinatupiwa mbwa, na mzunguko unaanza upya kwa mkono wa mwenye kundi mwenyewe. Hakuna dawa ya kondoo itakayoumaliza ugonjwa huu wakati mbwa wa boma analishwa vichwa vibichi.

Njia hiyohiyo hupitisha ugonjwa wa hydatidi, unaofanya vifuko vya maji kwenye ini na mapafu, na huu humpata binadamu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni miongoni mwa maeneo yenye maambukizi makubwa kabisa yaliyowahi kurekodiwa duniani. Kwa hiyo ini, mapafu au ubongo wenye vifuko uchomwe au ufukiwe shimo refu ambalo mbwa hawezi kufukua. Usivitupe, na usimwonee mbwa huruma ukampa. Ukimpa matumbo, yachemshwe vizuri. Dawa ya kuomba dukani kwa ajili ya tegu ni yenye prazikwanteli. Dawa ya minyoo ya mbuzi iliyokadiriwa kwa jicho haitoshi.

Kupe na viroboto nao washughulikiwe. Kupe wa mbwa huleta homa, upungufu wa damu na kifo, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaofuga funza wa miguuni wanaoingia kwa watoto. Lakini hapa kuna onyo. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe ni kali, na zile za jamii ya permethrini huua paka. Paka akipakwa hutetemeka, hupata degedege na hufa. Vidonge vya panadol navyo ni sumu kwa paka. Hata kidonge kimoja kinaweza kumuua. Ivamektini ya ng'ombe isidungwe kwa mbwa bila daktari kupima uzito. Wanyama wanaokufa kwa tiba ya mwenyewe ni wengi kuliko tunavyokiri.

Mwenye mimba nyumbani hana haja ya kumfukuza paka. Kinyesi cha paka kiondolewe kila siku na mtu mwingine, mboga zioshwe, nyama iive. Vimelea vya toksoplasma vilivyo kwenye kinyesi, ambavyo vinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, huhitaji siku moja au zaidi ndipo viweze kuambukiza.

Uzazi

Jike wa mbwa huanza joto akiwa na miezi 6 hadi mwaka mmoja, hulirudia karibu kila miezi 6, na mimba huchukua takriban siku 63. Paka ana kasi zaidi: anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5, na anaweza kubeba nyingine huku bado ananyonyesha. Shume mmoja akipita mtaani, majike yote yaliyo kwenye joto yatabeba.

Wengi hupenda kuhasi dume kwa sababu ni rahisi na nafuu, na ni kweli dume aliyehasiwa hupunguza kuzurura na kupigana. Lakini kama lengo ni kupunguza watoto na fedha ni ya mnyama mmoja, mfanyie jike. Ukihasi madume tisa na wa kumi akabaki, majike yatabeba vilevile. Jike akitolewa kizazi mapema huepuka pia usaha wa mji wa mimba, na hatari ya uvimbe wa matiti hushuka sana.

Kazi hii ni ya daktari wa mifugo, kwa dawa ya usingizi na ya maumivu. Kiwembe na koleo la burdizo si vya mbwa wala paka. Kufanya hivyo ni ukatili, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inalinda wanyama hawa. Gharama ni mzigo kweli. Nashauri kaya kumi za kitongoji zichange, zimwite daktari wa wilaya siku moja, afanye majike yote pamoja. Walio karibu na Morogoro wanaweza kuulizia hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mnyama mkubwa asile tangu usiku wa kuamkia upasuaji. Baadaye akae pakavu, asiogeshwe wala kulamba jeraha kwa siku 10 hadi 14. Dume aliyehasiwa anaweza bado kutia mimba kwa wiki kadhaa.

Asiyeweza kwa sasa amfungie jike ndani kwa muda wote wa joto, kama wiki 3, hata damu ikishapungua, maana ndipo hukubali dume. Sindano za kuzuia mimba siziungi mkono kwa matumizi ya kurudia. Huongeza hatari ya usaha tumboni.

Jalala la wazi na mabaki ya machinjio nayo hulisha watoto ambao hakuna aliyewapanga. Serikali ya kijiji ichimbe shimo, izungushe uzio.

Na kwa watoto waliokwisha kuzaliwa: wasitupwe sokoni kwenye boksi. Wakae na mama hadi wiki 8, wapewe dawa ya minyoo, watafutiwe kaya zinazowahitaji kweli. Anayemchukua apewe kadi yenye tarehe ya dawa aliyokunywa na tarehe ya chanjo ya kichaa, na kama ni jike, mkubaliane papo hapo mwezi atakaopelekwa kwa daktari kabla ya joto la kwanza.