Dishi la pamoja ghorofani: bisha hodi kwa jirani kabla ya kupanda juu

Picha ikikatika kwenye jengo lenye dishi moja la wote, usikimbilie spana. Uliza kwanza ni nyumba ngapi zimekatika. Nilishuhudia pale Tudor, Mombasa: nyumba moja tu ilikuwa na soketi mbovu, fundi akapanda akageuza dishi, na nyumba kumi na moja zilizokuwa salama zikazimika usiku wa mpira. Iliniuma, maana kulikuwa na wazee mle ambao televisheni ndiyo mwenzao.

Hatua ya 1. Kama ni kwako tu, ubovu uko kati ya multiswichi (kisanduku kinachogawa mawimbi ya dishi kwa kila nyumba) na dekoda yako. Kama ni nyumba zote, ni dishi, LNB (kile kichwa mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) au stima ya multiswichi. Kama nyumba zote zimepoteza chaneli zilezile huku nyingine zikionekana, nenda hatua ya 4.

Hatua ya 2. Fungua ukurasa wa mawimbi kwenye dekoda usome ubora. Nguvu peke yake hudanganya, kwani hata kelele tupu ya LNB (mawimbi ovyo yasiyo na picha) huonyesha nguvu. Kisha beba dekoda yako hadi kwa jirani anayeona sawa. Ikikubali kule, waya wako ndio wenye neno. Zima dekoda ukutani kabla ya kuchomoa waya, kwa sababu inapeleka volti juu.

Hatua ya 3. Konekta. Hapa nawaomba mtulie, kwa sababu kazi nyingi za Mombasa huishia hapa. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi haihitaji mvua ili iingie. Niliifungua moja Kizingo: nje inang'aa kama mpya, ndani shaba imeota kijani, na unywele mmoja wa wavu (zile nyaya nyembamba zinazouzunguka waya wa kati) umelala juu ya waya wa kati. Unywele huo mmoja unatosha kukuzimia kila kitu. Kata waya nyuma mpaka uone shaba nyekundu, kunja wavu wote nyuma, weka konekta mpya, kisha uifunge kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe. Waya uteremke chini ya tundu kwanza ndipo upande kuingia, ili maji yadondoke njiani.

Hatua ya 4. LNB ya jengo ina matundu manne, na kila waya hubeba robo yake ya chaneli. Dekoda huomba kwa volti 13 au 18, na huongeza mlio wa kilohezi 22 ikitaka masafa ya juu. Wote wakikosa fungu moja, kagua waya mmoja kati ya ile minne. Ukikosa wewe tu zile za volti 18, huenda dekoda imechoka au waya umeoza na volti inafia njiani. Hamisha waya wako kwenye tundu jingine la multiswichi ujaribu.

Hatua ya 5. Sasa panda, mkiwa wawili, mvua ikiwa haipo. Tazama taa ya multiswichi kwanza. Stima ikikatika na kurudi kwa kishindo, adapta yake huungua. Kisha LNB: kunguru wetu hutoboa kifuniko chake, maji yakaingia. Kabla ya kulegeza nati yoyote, chora alama ya dishi lilipo.

Maswali ya wanachama

Bwana fundi, salaam. Nimegawa waya mmoja kwa dekoda mbili, ya sebuleni ikiwashwa ya chumbani inapoteza chaneli.

Wa alaykum salaam, dada. Kila dekoda inaomba volti yake, na waya mmoja hauwezi kutii mbili. Omba laini ya pili kutoka kwenye multiswichi.

Kaka, jengo jipya limeinuka upande wetu wa magharibi. Litatuziba?

Inategemea setelaiti. Ile ya nyuzi 36 mashariki, kwa hapa Mombasa iko karibu na utosi, haizibwi kirahisi. Ile ya nyuzi 7 mashariki imelala zaidi upande huo wa magharibi, na hiyo ukuta mrefu wa jirani unaweza kuifunika.

Sisi hukatika mchana wa jua kali, siku chache tu, kisha inarudi yenyewe.

Ni Machi au Septemba? Jua hupita nyuma ya setelaiti na kuizidi kelele kwa dakika kadhaa. Kwa ile ya nyuzi 36 hutokea kati ya saa sita na saa saba mchana. Msiguse dishi.

Na mvua ya Mei, ami? Tone moja tu, picha inaganda.

Mvua kubwa ikikata, hiyo kawaida. Manyunyu yakikata, ubora wenu ulikuwa chini tangu siku za jua. Pima siku ya anga safi, kisha rudi hatua ya 3, uanzie konekta ya LNB yenyewe.