Daftari langu la ini

Ukurasa wa kwanza wa daftari langu umeandikwa: "SGPT 31, kabla ya dawa." SGPT ni kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya ini. Namba hiyo nusura niikose. Ukiandikiwa atorvastatini, simvastatini au ndugu zao, yaani dawa za kushusha lehemu (kolesteroli) kwenye damu, omba ini lipimwe kabla hujameza kidonge cha kwanza, la sivyo baadaye hutajua ulianzia wapi.

Karatasi ya maabara ina mistari mingi. Mimi natazama miwili. ALT, ambayo wengine bado huiita SGPT, na AST, yaani SGOT. Ni vimeng'enya vinavyopanda kwenye damu ini likiumia. Pembeni huwa kuna kikomo cha kawaida, mara nyingi karibu na 40, lakini hutofautiana kati ya maabara na maabara. Kiandike nacho.

Miezi mitatu baadaye nilirudi kupima lehemu, SGPT ikasoma 62. Nikaona ile herufi H, alama ya kwamba namba imezidi kikomo, nikaishiwa nguvu. Nikafungia dawa kabatini wiki mbili, hata mume wangu hakujua. Daktari aliposikia akavuta kalamu, akazidisha kikomo mara tatu: 40 × 3 = 120. "Mama, wasiwasi wangu ungeanzia hapa, na hata hapo ningerudia kipimo kwanza." Kisha akauliza nakunywa nini kingine. Nikataja parasetamoli za goti, asubuhi na jioni, na chupa ya mitishamba niliyopewa na shoga yangu. Mitishamba akaikataza palepale, dawa ya lehemu akanirudishia. Kipimo kilichofuata: 38.

Kwa hiyo mtajie daktari kila unachotia mdomoni: pombe, dawa za kifua kikuu, klarithromisini (antibiotiki), hata juisi ya balungi, maana juisi hiyo huongeza kiasi cha baadhi ya dawa hizi za lehemu kwenye damu. Na usiende kupima siku moja baada ya kulima. AST hutoka kwenye misuli pia.

Usikimbilie maabara kila mwezi. Tangu 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani iliacha kutaka watumiaji wote wapimwe ini mara kwa mara, kwa kuwa madhara makubwa ni nadra na vipimo hivyo havikusaidia kuyagundua mapema. Pima unapoanza, kisha daktari anapoona sababu.

Ila macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa kama chai ya rangi, au ukichoka kupita kawaida huku ubavu wa kulia ukiuma, usingoje miadi. Nenda siku hiyohiyo, na pakiti ya dawa mkononi.